Ukienda kuogelea kwenye matumbawe jifunze kuelea kwanza

Mara ya kwanza kuvaa ile miwani ya kuogelea yenye mrija nilikuwa na miaka 24, tulitoka Kunduchi, Dar, na boti kwenda kisiwa cha Mbudya, watu kama 12 hivi wa kazini, na hakuna aliyetuambia kitu zaidi ya "vaa, ingia". Nikaingia. Mrija ukajaa maji, nikapaliwa, nikaanza kutafuta pa kusimama, mguu ukatua juu ya kitu kigumu chenye matawi na nikasikia chini ya unyayo kinakatika kama kijiti kikavu. Mi nikaona nimepata jiwe, basi. Nilisimama pale labda dakika nzima natema maji na kurekebisha miwani.

Ile dakika moja ndo imenifanya niandike hii.

Miaka kadhaa mbele nikawa Unguja, tumeenda na mashua kwenye mwamba wa karibu na kisiwa cha Bawe, na kijana mmoja wa kundi letu akafanya vilevile nilivyofanya mimi. Nahodha alikuwa mzee wa makamo, mpole, alikuwa hajasema neno tangu tuondoke Forodhani. Akapiga kelele: "Mwanangu we! Toa mguu hapo! Hilo si jiwe, hicho ki hai!" Kijana akaomba radhi, mzee akamtupia kamba ya boya ashikilie, afu akakaa anatueleza taratibu kwamba mwamba ule yeye anaujua tangu utoto na kuna sehemu zilikuwa kama bustani na saivi ni vipande tu vimelala chini.

Nilivyorudi nikaanza kusoma. Tumbawe ni wanyama wadogo wadogo wengi mno wanaoishi pamoja na kujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo ambao ndo wanawapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakipata joto kupita kiasi wale mwani wanatolewa, tumbawe linabaki jeupe kama mfupa, na hali ikiendelea linakufa njaa. Ndo yaliyotokea 1998 pwani yetu yote, na ikajirudia 2016. Sasa yale matumbawe makubwa ya mviringo yanakua kama sentimita 1 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo ukikuta tumbawe la saizi ya meza ya chakula ujue limeanza tangu enzi za babu yako, na limeshavumilia joto, mabomu ya wavuvi haramu, nanga, afu unakuja wewe Jumapili na mguu wako.

Joto la bahari mimi na wewe hatuwezi kulizima Jumapili. Mguu tunauweza.

Ndo maana watu wakiniuliza wabebe nini wakienda visiwani, mi naanza na kuelea. Kabla hujapelekwa kwenye mwamba nenda kwenye maji ya kifuani, penye mchanga mtupu, vaa miwani, weka mrija, lala kifudifudi mikono imenyooka, pumua kwa mdomo polepole. Fanya hivyo mpaka maji yakiingia kwenye mrija uweze kuyapuliza nje bila kusimama. Kuna watu wanahitaji dakika 20, kuna watu siku 3, hamna aibu. Kama bado hujaweza vaa laifu jaketi, hata kama ni muogeleaji mzuri, kwa sababu ukiwa nalo ukichoka unaelea tu, huna haja ya kutafuta pa kukanyaga. Na yale mapezi ya miguuni kama ni mara yako ya kwanza acha kwenye boti. Mtu asiyeyazoea anapiga mateke nyuma huko haoni, anavunja vitu na anatimua mchanga unaokuja kutua juu ya matumbawe na kuyaziba.

Kitu cha pili ni maji yenyewe, na hapa ndo naona watu wengi wanakosea bila kujua. Wavuvi wanajua bamvua na maji mafu, sisi wa mjini tunajua Jumamosi na Jumapili. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti inaweza kupita mita 3, na kwa pwani yetu ya Dar na Unguja siku hizo maji yanakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa 4, saa 5 asubuhi. Sasa fikiria, saa 4 asubuhi ndo muda boti za matembezi zinapofika! Mnashushwa juu ya mwamba wakati maji ni machache, matumbawe yako karibu na tumbo lako, hata ujitahidi vipi utagusa. Mi saivi naangalia mwezi kabla ya kuangalia pesa. Ikiwa bamvua tunakubaliana na nahodha tutoke mchana, maji yakiwa yanajaa. Kikiwa kipindi cha maji mafu muda wowote ni sawa maana kina hakibadiliki sana. Muulize nahodha tu, "mzee, maji yanakupwa saa ngapi?", hiyo habari anayo kichwani. Na muulize kama kuna boya la kufungia au anatupa nanga, maana nanga moja inavunja kuliko watu 10. Kule kisiwa cha Chumbe, Unguja, ambako mwamba umehifadhiwa tangu 1994, nanga hairuhusiwi kabisa juu ya matumbawe, na walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, watu wa bahari kabisa.

Kuhusu vile viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, jamani. Najua picha inatoka nzuri, kile chekundu chenye nundu mkononi, bahari ya buluu nyuma, nami ninayo moja kwenye simu ya zamani. Ila kile kiumbe kinapata hewa kutoka kwenye maji, kwa ngozi yake na vile vimiguu laini vya chini, ukikitoa nje unakinyima pumzi. Kundi la watu 15 kila mtu anataka picha yake, kinapita mkono kwa mkono, kinarudishwa majini kimechakaa. Piga picha kikiwa chini pale pale, maji ni safi, kinaonekana.

Losheni ya jua, kwa kifupi: badala ya kujipaka ikabaki majini, vaa fulana ya mikono mirefu na taiti. Wanawake wengi wa pwani ndivyo tunavyoogelea siku zote na hatuungui mgongo.

Makombe ya kununua usinunue. Yale yanayong'aa vile hayajaokotwa ufukweni, mengi yametolewa yakiwa na mnyama ndani. Lile kubwa la kupuliza kama pembe mwenyewe wake anakula aina ya kiti cha pweza chenye miiba ambacho chakula chake ni matumbawe, kwa hiyo pambo la sebuleni kwako ni mlinzi mmoja kaondolewa.

Afu kuna Nakupenda, lile fungu la mchanga katikati ya bahari kule Unguja. Mwaka jana tulikwenda na dada zangu, tukakaa mpaka jioni. Kundi moja lilikuwa limekula pweza na ngisi, wakaacha mfuko mkubwa wa taka umefungwa vizuri kabisa, nadhani walidhani kuna mtu atapita. Sasa lile ni fungu, maji yakijaa linazama! Hamna mtu wa kupita. Tulisimama kwenye boti tukaona maji yanaufikia ule mfuko, unanyanyuka, fundo linalegea, vifuniko vya chupa vinatoka kimoja kimoja vinaelekea kwenye mkondo. Tulizungusha boti tukaokota tulichoweza, vingine vilishakwenda. Toka siku hiyo naenda na ndoo yenye mfuniko, chakula kinaenda humo na taka zinarudi humo, na maji ya kunywa nabeba dumu moja la lita 10 na vikombe, hakuna chupa hata moja.

Kuna mtu aliniuliza, mbona akina mama wanatembea juu ya mwamba maji yakikupwa wakitafuta pweza, wao hawaharibu? Wanakanyaga ndiyo, ila wengi wana njia zao kwenye mchanga na mawe yaliyokufa, na ndo riziki yao. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanafunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue, na kwao ni chakula kinachosubiri. Mimi naenda kutembea tu, sioni kwa nini nisijizuie hata kidogo.

Saivi nina mpwa wangu wa miaka 9, ananisumbua kila siku, "Mama mdogo lini tunaenda kuona samaki?" Jumamosi asubuhi tunashuka pale Kunduchi kwenye mchanga, analala kifudifudi, mi namshikilia tumbo kwa kiganja. Wiki iliyopita nilitoa mkono akakaa sekunde kama 30, afu miguu ikashuka ikagusa mchanga. Tumekubaliana akifika dakika 5 tunapanda boti.