Niliondoka chuo mwaka wa tatu kuifuata NFL

Juzi alfajiri, saa kumi na moja kasoro, simu iliniamsha kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita. Mama mmoja, mzaliwa wa Bukavu, sasa anaishi Iowa. "Kaka, mwanangu yuko mwaka wa tatu chuoni, anacheza huu mpira wao wa mikono. Kuna bwana anampigia kila usiku, anamwambia aingie NFL mwaka huu, akichelewa soko litamkimbia. Baba yake anasema aende. Mimi mchezo wenyewe siujui, naona tu wanaangushana. Nisaidie."

Chini ya sauti kulikuwa na picha ya karatasi. Kijana aliomba tathmini kwa ile kamati ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, inayowashauri wanafunzi kabla hawajajitangaza kwa uchaguzi wa kila mwaka, ambako timu huchukua wachezaji wapya kwa zamu, raundi saba. Siku hizi majibu yao ni ya aina tatu tu: raundi ya kwanza, raundi ya pili, au hakuna kati ya hizo, yaani baki shule. Yeye alipata la tatu.

Nimeanza kumjibu mara tatu, nikafuta mara tatu. Karatasi ya aina hiyo na mimi nilipewa, Januari 2013. Niliikunja nikaitia kwenye kiatu cha mazoezi ili mama asiione.

Niseme nilikotoka. Nilifika Houston na mama nikiwa na miaka 9, tumetoka Tanga. Mpira kwangu ulikuwa ni wa miguu, Coastal Union, basi. Sekondari naruka, haina jipya: nilirefuka, nikanenepa, kocha akaniona kwenye korido, nikapata ufadhili wa chuo kimoja hapahapa Texas. Nilicheza pembeni mwa safu ya ulinzi, kazi yangu kumkimbilia kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi ya wapinzani, kabla hajautupa mpira. Msimu wa 2012 niliwalaza makwotabeki chini mara 9. Naandika hiyo namba mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayeiandika.

Mama alikuwa anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kuwainua, kuwageuza, kuwaosha. Bega la kulia lilishamharibika. Akirudi asubuhi alikuwa hashuki moja kwa moja. Anazima gari, anakaa ndani dakika kumi hivi, mikono juu ya usukani, ndipo anaingia. Likizo ya Krismasi ile nilisimama dirishani nikamwangalia asubuhi nne mfululizo. Siku ya tano nikampigia wakala.

Jina lake simtaji. Nilimsomea jibu la kamati, akacheka. "Hao wazee wanajilinda tu." Nikasaini. Msomaji asiyejua mambo haya ashike hapa: kwa kanuni za wakati ule, ukishasaini na wakala umeufunga mlango wa chuo. Ukiingia kwenye uchaguzi ule na timu zote zikakupita, hurudi tena uwanjani kwa wanafunzi. Nililijua hilo, mtu asije akasema nilidanganywa. Nililijua nikasaini.

Kambi kuu ya majaribio kule Indianapolis sikualikwa. Nikapimwa chuoni siku ambayo maskauti, wasaka vipaji wa timu, huja. Yadi 40 nilikimbia kwa sekunde 4.91. Kwa kilo zangu 112, na kwa nafasi yangu, muda ule ulikuwa kama cheti cha kifo. Wakala alisema haina shida.

Jumamosi tarehe 27 Aprili 2013, siku ya uchaguzi, raundi ya nne hadi ya saba. Uchaguzi huo wenyewe wanauita "draft". Mama alimwambia shangazi yangu wa Tanga kwenye simu kwamba leo mtoto ana drafti, shangazi akauliza huko Marekani nako wanacheza kwa vifuniko vya soda? Tulicheka sana. Pilau lilipikwa sufuria mbili, wajomba na watu wa jumuiya wakajaa sebuleni, watoto wamevaa fulana zenye namba yangu.

Jina la kwanza kutajwa siku hiyo lilikuwa la Matt Barkley, kwotabeki wa chuo cha USC kule California, mtu wa 98 kuchaguliwa. Mwaka mmoja kabla watu walikuwa wanamzungumzia kama mtu wa raundi ya kwanza. Akaamua kubaki chuo mwaka wa nne, timu ikaboronga, bega likaumia Novemba, akashuka mpaka raundi ya nne. Baadaye kidogo, namba 131, San Francisco wakamchukua Marcus Lattimore wa South Carolina. Huyu aliondoka mwaka wa tatu, lakini goti lilikuwa limeshapasuka vibaya Oktoba 2012. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NFL, akastaafu 2014. Mmoja alibaki akapoteza, mwingine aliondoka wakati mwili umeshalipa. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la mama nikiwaangalia wote wawili, na bado sikuelewa kitu.

Majina 254. Langu halikuwamo. Kwenye raundi ya sita simu iliita, sebule nzima ikanyamaza, mjomba akapunguza sauti ya televisheni. Alikuwa shangazi. "Umeshachaguliwa, baba?"

Jioni wakala akapiga: kuna timu inanichukua kama mchezaji asiyechaguliwa, bonasi ya kusaini dola 2,500. Mjomba mmoja alishaona mtandaoni kwamba mshahara wa chini kabisa wa mchezaji mpya mwaka ule ni dola 405,000. Akaupiga kwa shilingi, ukavuka milioni 600, na habari ikawa imefika Tanga kabla pilau halijapoa. Hakuna aliyemwambia kwamba pesa hiyo hulipwa wiki kwa wiki, msimu ukianza, kwa waliobaki kikosini. Kambini nilikuwa napata chini ya dola 1,000 kwa wiki, na huku simu za michango ya harusi haziishi.

Kambi wakati ule ilianza na watu 90, wakachujwa wafike 75, kisha 53. Mwishoni mwa Agosti, asubuhi, nikiwa nimeshika mswaki, mlango uligongwa. Kijana mdogo kuliko mimi, mfanyakazi wa ofisi, hakuniangalia usoni. "Kocha anakuita. Njoo na aipadi yako." Aipadi ndiyo yenye mipango ya mchezo, kwa hiyo ukiambiwa uje nayo umeshaelewa: umekatwa. Kwa kocha nilikaa dakika nne. Tiketi ya ndege ilikuwa imeshakatwa.

Mwaka huohuo Mkenya Daniel Adongo alisajiliwa na Indianapolis Colts akitokea kwenye raga, bila kupita chuo chochote cha Marekani, na Desemba akaingia uwanjani. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli nilifurahi. Ila kila harusi ya Waswahili niliyokwenda mtu alinishika mkono akaniuliza, "Yule Mkenya mbona ameweza?"

Mama aliendelea na zamu za usiku miaka mitano mingine. Mimi nilipakia vipuri kwenye ghala. Nilikuwa nimebakiza krediti 21 kupata digrii, na ufadhili ulishakwisha. Nilizimaliza 2019, kwa pesa yangu, nikikaa darasani na watoto walionizidi kasi ya kuchapa. Leo nafundisha na ni kocha wa vijana.

Haya sasa, ushauri, maana najua ndicho mlichojia. Wengi mnaonisoma mna mtoto au mpwa mnayetaka afike NFL, na hilo silipingi.

Kamati ikisema raundi ya kwanza au ya pili, aende. Asiangalie nyuma, digrii itamsubiri. Hasa akiwa mkimbiaji kama mtoto wa huyu mama, yule anayekabidhiwa mpira na kutumbukia katikati ya watu wenye kilo 140. Magoti yana idadi yake ya kugongwa, kuyatumia bure kwa mwaka mzima zaidi ni hasara. Mfumo wenyewe umeshakuchelewesha vya kutosha: NFL haimchukui mtu kabla ya miaka mitatu tangu amalize sekondari. Maurice Clarett wa Ohio State aliipeleka mahakamani, akashinda mwanzoni mwa 2004, rufaa ikampokonya ushindi mwaka huohuo. Denver wakamchukua 2005, hakucheza mechi hata moja ya msimu.

Kamati ikisema baki, abaki. Abaki amalize digrii. Zamani mtu angekuambia kubaki ni kula njaa, na mimi njaa ile naijua. Lakini tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia pesa moja kwa moja. Kijana anayecheza vizuri kwenye chuo kikubwa anaweza kupata chuoni zaidi ya anachopata mtu wa raundi ya saba anayekatwa Agosti. Laiti hilo lingekuwapo wakati wangu. (Mwenye viza ya mwanafunzi asiguse pesa hizo kabla ya kuonana na mwanasheria. Nimeona mtu akikaribia kufukuzwa nchini kwa ajili ya tangazo la duka la magari.)

Digrii amalize. Najua nimeshasema.

Na wakala anayempigia mtoto kila usiku, muulizeni swali moja: mwaka jana wateja wake wangapi walikatwa Agosti, na je, amewapigia simu tangu hapo? Wangu mimi sijamsikia tangu Septemba 2013.

Lakini wakala si mbaya peke yake, na hapa najua nitawaudhi watu. Wajomba, mashangazi, wazee wa jumuiya: acheni kumuuliza mtoto wa miaka 20 atawajengea lini. Acheni kumwita "tajiri wetu" kwenye sherehe. Mnadhani mnamtia moyo. Mama yangu hakuwahi kuniomba kitu, hata siku moja. Ni sisi wengine wote tuliokuwa tunamhesabia zile dakika kumi ndani ya gari, mimi wa kwanza. Karatasi ya kamati ilikuwa na jibu sahihi, na nilikuwa na jibu hilo mguuni kila nilipokwenda mazoezini.

Sitasema najuta. Mama aliponiuliza swali hilo mwaka juzi nilimwambia hapana, akaniangalia, akaendelea kuchagua mchele.

Huyo mama wa Iowa nilimwandikia hatimaye, sentensi moja tu: kijana mwenyewe anasemaje? Alinyamaza siku nzima. Usiku akajibu, "Kaka, hatujamuuliza." Akanitumia namba ya mtoto. Mwisho wa kujitangaza ni katikati ya Januari, muda bado upo. Nimempigia leo mara moja, yuko mazoezini. Nitapiga tena usiku, kabla yule bwana mwingine hajapiga.