Kwa Nini Dreamcast Ilitoweka Mapema?

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu ametupatia mashine ya gemu aina ya Dreamcast. Kwa nini imetoweka, ilhali PlayStation imeenea kila mtaa?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Ndugu msomaji, mashine hiyo ya kampuni ya Sega ilianza kuuzwa Japani Novemba 1998, na Marekani Septemba 1999, ikiwa na modemu ya kuiunganisha na intaneti kupitia waya wa simu, jambo lililowatangulia washindani wake. Tazama pia pedi yake ya kuchezea: ina nafasi ya kuchomeka kifaa kidogo cha kumbukumbu chenye kioo chake. Kilichoiangusha hasa, kwa maoni yangu, ni imani iliyokwisha kupotea, kwani Sega ilikuwa imeitelekeza mapema Saturn, mashine yake iliyotangulia, na wanunuzi wengi wakaona ni afadhali waisubiri PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000 ikiwa na uwezo wa kuonesha filamu za DVD. Wezi wa gemu nao walizinakili kwenye CD za kawaida. Januari 2001 Sega ilitangaza kuacha kuitengeneza, ikageukia kuandaa gemu za mashine za wengine. Yako ni ya thamani. Usikubali kuiuza kwa bei ya chuma chakavu.