Milioni 150 zinawekwa kwenye sufuria gani?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mimi fundi welding hapa Mwanza. Mliandika ile mashine ya fyusheni (kuunganisha viini vya atomi vitoe nishati) inayojengwa Ufaransa, ITER, itafika joto la digrii milioni 150, sasa mimi najua chuma kikifika 1,500 hivi tayari ni uji, hizo milioni zinawekwa kwenye sufuria gani? Na kama bado haijawashwa wanajuaje vitu vyao havitapasuka?

JIBU: Fundi umeuliza palepale panapouma. Kinachofika joto hilo ni plazma, yaani gesi iliyochemka mpaka atomi zake zimeachana na elektroni, nayo haiwekwi kwenye chochote, inaelea katikati imeshikwa na sumaku. Ila chini kuna sehemu inaitwa daivata, hapo ndo kama bomba la moshi, heliamu, yaani majivu ya fyusheni, inatolewa hapo na joto linatua hapohapo, megawati 10 kwa kila mita ya mraba. Chukua jua la saa saba mchana huna hata kofia, zidisha mara elfu kumi.

Kama unachomelea TIG basi dawa yao unayo mkononi, ile sindano ya kwenye tochi ni tungsteni, haiyeyuki mpaka 3,422. Wanatengeneza vitofali vyake vidogo vya kuenea kiganjani, wanavitoboa katikati, kwenye tundu linapita bomba la aloi ya shaba na maji yanakimbia humo kwa presha. Sasa shaba ikipata moto inatanuka zaidi ya mara mbili ya tungsteni, mmoja anavuta mwenzake hataki, kwahiyo kinachopimwa hasa ni ungio, na wewe ungio linavyokusaliti kazi ikishapoa unalijua kuliko mimi.

Kupima hawasubiri mashine iwake. Kipande kinaingia kwenye chemba iliyonyonywa hewa, kinapigwa na mwale wa elektroni, unawaka unazima unawaka unazima, mara 5,000 kwa megawati 10 halafu mara 300 kwa megawati 20! Kamera ya joto inachungulia muda wote, kitofali kimoja kikianza kung'aa kuliko majirani zake ujue ungio limeachia. Pia hukohuko Ufaransa, Cadarache, kuna mashine ndogo inaitwa WEST, ndani imevalishwa tungsteni, Februari 2025 ilishikilia plazma sekunde 1,337, yaani dakika 22 na ushee.

Mimi kinachonitisha lakini sio joto, ni nyutroni, chembe ndogo zinazorushwa na fyusheni yenyewe. Hazina chaji kwahiyo sumaku hazizishiki, zinazama ndani ya chuma zinasukuma atomi zake huku na huku na kuacha vipovu vya heliamu, mwisho chuma kinavunjika kama biskuti. Kwa hilo mwale wa elektroni hausaidii kitu, ndo maana karibu na Granada, Hispania, wanajenga kituo cha kupimia vyuma kinaitwa IFMIF-DONES, chembe za dyuteriamu (hidrojeni nzito) zitapigwa kwenye pazia la lithiamu iliyoyeyuka linaloshuka mita 15 kwa sekunde, nyutroni zinazotoka hapo ndo zitaonja vyuma.

SWALI: Mbona wasitumie kaboni? Nasikia haiyeyuki. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Waliitumia dada, miaka mingi tu. Kweli haiyeyuki, ila inamong'onyoka na inanyonya tritiamu, aina ya hidrojeni nzito inayotumika kama fueli, yenyewe adimu halafu inabaki ukutani. Mashine ya JET kule Culham, Uingereza, ilibandua vigae vya kaboni ikarudi kazini 2011 na beriliamu na tungsteni, fueli iliyokuwa inang'ang'ania ukutani ikapungua zaidi ya mara kumi.