Jirani kashusha bei ya korosho, nasi tushushe?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wawili hapa Masasi, tunabangua korosho na kuuza madukani, stendi na kwa wateja wachache wa Dar es Salaam. Kilo ya korosho nzima tunauza shilingi 30,000, vipande 18,000. Mwaka huu kimeanza kiwanda kingine kidogo, nzima anauza 27,000, na wateja wanahamia kwake. Mshauri tuliyemlipa anasema tushuke hadi 26,000, jirani atashindwa na kufunga, kisha tupandishe tena. Pia tubadilishe nembo. Katika kila gunia la kilo 80 tunapata kama kilo 20 zilizobanguliwa, nzima zikiwa 12. Gharama zote kwa gunia, pamoja na kununua ghafi, ni kama 420,000. Tufanyeje?

JIBU: Akina mama, msishushe. Ushauri huo unazunguka sana huku kwetu kuanzia Newala hadi Nachingwea, na umeshafunga vikundi vingi vilivyokuwa na watu wachapakazi.

Tuanze na hesabu mliyonipa. Kilo 12 za nzima kwa 30,000 ni 360,000, na vipande kilo 8 ni 144,000. Jumla 504,000. Ukitoa gharama, gunia linawaachia 84,000. Mkishuka hadi 26,000, gunia lilelile litawaachia 36,000. Yaani kwa kila magunia matatu mnayobangua sasa itabidi mbangue saba ili mbaki palepale, na fedha ya kununua ghafi za magunia hayo mmeshaipunguza wenyewe.

Sasa mtazameni jirani. Chukulieni gharama zake ni sawa na zenu, ila katika kilo 20 yeye anatoa nzima 17. Kwa bei yake ya 27,000 anapata 459,000, na vipande kilo 3 ni 54,000. Gunia linamwachia 93,000. Anauza rahisi kuliko ninyi na anapata zaidi yenu! Mkishuka 26,000 naye akawafuata, atabaki na 76,000 na ninyi 36,000. Atakayefunga si yeye.

Hapa ndipo washauri wa semina wanapopotosha watu: wanachanganya bei ya chini na gharama ya chini. Profesa Michael Porter wa Harvard, ambaye kila mwenye semina hupenda kumtaja, aliandika mwaka 1980 juu ya kuongoza kwa gharama ya chini. Bei anapanga yeyote mwenye kalamu na kibao. Gharama haishuki mpaka kazi yenyewe ibadilike. Kiwanda cha saruji cha Dangote hapa Mtwara kilianza na umeme wa jenereta za dizeli, kikahamia gesi asilia inayotoka mkoani humuhumu. Badiliko la namna hiyo linagusa kila mfuko unaotoka kiwandani, hata bei ya dukani isipoguswa.

Kwenu gharama imejificha kwenye vipande. Kutoka nzima 12 hadi 17 ni shilingi 60,000 kwa gunia kwa bei yenu ya sasa, bila kuongeza mteja hata mmoja. Korosho huvunjika kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni kuchemsha ukubwa wote pamoja: ndogo zinaiva kupita kiasi, kubwa ganda linabaki gumu na kisu kinapasua kiini. Chekecheni kwanza, kila ukubwa upate muda wake wa mvuke, na visu vya mashine virekebishwe kwa ukubwa huo. Ya pili ni haraka. Korosho ikitoka kwenye mvuke ipumzike ipoe vizuri, hata usiku kucha, ganda likakamae na kiini kiachane nalo. Ikibanguliwa ya moto mtapata chenga. Ya tatu ni oveni. Nyuzi 70 kwa saa sita hadi nane zinatosha kulegeza ngozi ya ndani. Moto ukizidi kiini kinakuwa kama biskuti na kinavunjika mikononi mwa wamenyaji. Ya nne ni malipo. Mbanguaji akilipwa kwa kilo yoyote atakimbiza kilo. Mlipeni zaidi kwa nzima, na mafuta ya kupaka mikononi yasikosekane, maana utomvu wa ganda unaunguza na mtu mwenye vidonda hawezi kuwa makini.

Msijaribu kufidia kwa kangomba, yaani kununua ghafi kwa magendo kwa mkulima nje ya utaratibu rasmi. Ni kosa kisheria, mzigo unaweza kuchukuliwa, na mara nyingi ghafi hizo ni mbichi, hazijaanikwa inavyotakiwa, kwa hiyo vipande vinaongezeka palepale mnapodhani mmeokoa.

Na huo mpango wa kupandisha bei jirani akishafunga? Mashine ya kubangulia ya mkono si ghali. Siku mtakayorudi 30,000 atatokea mwingine na mashine mbili chini ya mwembe, nanyi mtaji hamna tena. Ushindani wa namna hii hauna mwisho pale ambapo kuingia ni rahisi, iwe ufuta Ruangwa, samaki wakavu Kilwa au saluni mjini Lindi. Nembo nayo inaigwa ndani ya wiki kwa mchapaji yuleyule. Anayekuuzia mpango mkakati uliokwisha kuchapwa, ule aliomuuzia mwenye bodaboda jana akabadilisha jina, mwombeni awaonyeshe kwenye karatasi gharama ya kilo moja itashuka wapi. Asipoweza, msimlipe tena.

Kinachomchelewesha jirani ni mambo yanayoshikana: wabanguaji waliozoea, ghafi za kutosha zilizonunuliwa kwenye msimu unaoanza Oktoba na kuhifadhiwa kavu hadi katikati ya mwaka wengine wanaposimama, na duka au hoteli inayojua kwamba kila Ijumaa mzigo unafika ukiwa wa daraja moja. Kimojawapo ataiga. Vyote kwa pamoja vitamchukua misimu.

Kwa sasa acheni bei ilipo. Chukueni magunia mawili: moja mlibangue mlivyozoea, la pili mlichekeche na kulipumzisha usiku kucha. Pimeni nzima na vipande kwa mizani, muandike. Mkifika kilo 16 za nzima, nendeni kwa wale wateja wa Dar es Salaam na mkataba wa miezi sita kwa 29,000, wakikubali kuchukua kiasi kilekile kila mwezi. Kwa bei hiyo gunia litawaachia 116,000.