Maswali ya Walimu: Wanasoma Vizuri, Lakini Hawaelewi

SWALI: Nafundisha Kiswahili Kidato cha Kwanza wilayani Bahi. Wanafunzi wanasoma kwa sauti bila kukwama, lakini nikiuliza swali wananakili sentensi yoyote yenye neno lililomo kwenye swali. Sasa tumefikia ufahamu kuhusu kuogelea, na wengi maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya lambo. Niiruke mada hii?

JIBU: Usiiruke, Mwalimu. Kinachowakwamisha ni maswali. Swali likibeba maneno yaleyale ya kifungu, mwanafunzi anasaka neno, ananakili, nawe unampa vema. Jaribu kifungu hiki ubaoni:

“Mwaka 2000 huko Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alishiriki kuogelea mita 100 katika Olimpiki. Alikuwa amejifunza miezi michache tu kabla, kwenye bwawa dogo la hoteli. Wenzake wote wawili wa kundi lake waliondolewa kwa kuruka kabla ya ishara. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, wa kwanza katika kundi lake.”

Kwanza toka nao uwanjani na kamba. Pimeni mita 50, waende na kurudi, ndizo mita 100 za Eric. Dakika tano zinatosha. Maneno magumu ya kueleza mapema yasizidi matatu. Kisha wasome kimya, mara mbili. Anayesoma kwa sauti mbele ya wenzake huhangaikia matamshi, maana inampita.

Ukiuliza “Wenzake waliondolewa kwa nini?”, hata asiyeelewa atapata. Uliza “Eric alimshinda nani?” uone kalamu zinavyosimama. Jibu halimo katika sentensi moja. Lazima waunganishe ya tatu na ya nne ndipo wagundue hakubaki mpinzani. Kila anayejibu aweke kidole kwenye sentensi zilizompa jibu. Atakayesema “wenzake wawili” usimfokee, muulize tu wawili hao walikuwa wapi Eric alipokuwa majini. Malizia na hili: “Mita 50 za mwisho zilimwelemea. Kwa nini?” Hapo watarudi wenyewe kwenye lile bwawa dogo.

SWALI: Je, niwapeleke lamboni wajionee kuelea na kuzama?

JIBU: Hapana. Maji yana tope, kina hakionekani, na yaliyotuama yenye konokono huambukiza kichocho. Chukua beseni la maji na chupa mbili za plastiki zenye vifuniko, moja tupu, nyingine imejaa mchanga. Wabashiri kwa maandishi kabla hujazitumbukiza.