Mshahara Mnono Haufuti Haki ya Kulalamika

Nimekuwa mtayarishaji wa programu jijini Nairobi kwa miaka mingi, na vijana wanaoingia katika kazi hii huniuliza kama mtu anayepokea laki sita kwa mwezi ana haki ya kulalamikia mshahara wake, ilhali anayefagia ofisi hiyohiyo hupokea sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Ninaamini kwamba anayo, mradi ajue analalamikia nini na anamlalamikia nani.

Ukubwa wa mshahara hauthibitishi kwamba umepangwa kwa haki. Mwaka 2010 Wizara ya Sheria ya Marekani ilizishtaki Adobe, Apple, Google, Intel, Intuit na Pixar kwa kufanya makubaliano ya kutovutiana wafanyakazi, yaani kutowapigia simu wahandisi wa kampuni nyingine ili kuwapa kazi. Wahandisi wa kampuni hizo walilipwa vizuri kuliko Wamarekani wengi, lakini hawakujua kwamba simu ambayo ingewaletea malipo bora zaidi ilikuwa imezuiwa na waajiri wao wenyewe. Kesi ya pamoja iliyofuata ilihusu wafanyakazi wapatao 64,000. Mwaka 2014 Jaji Lucy Koh alikataa suluhu ya dola milioni 324.5 kwa kuiona ndogo mno, na mwaka 2015 kampuni nne kati ya hizo zikakubali kulipa dola milioni 415. Kama wahandisi hao wangenyamaza kwa kuwaonea haya wafagizi, hakuna mfagizi ambaye angeongezewa hata senti, kwa kuwa fedha anazonyimwa mhandisi hubaki kwa wenye kampuni.

Hata hivyo, si kila maumivu ya mfukoni ni kosa la mwajiri. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 130, hivyo aliyekuwa akilipwa dola 3,000 alipoteza takriban shilingi 90,000 kwa mwezi bila kazi yake kubadilika. Hasara hiyo inauma, lakini aliyechagua kulipwa kwa dola alifurahia faida yake shilingi ilipokuwa ikianguka. Vivyo hivyo makato: katika mshahara wa 600,000, bima ya afya ya asilimia 2.75 huchukua 16,500 na ada ya nyumba ya asilimia 1.5 huchukua 9,000, kabla hata hujahesabu kodi ya mapato. Mwenye manung'uniko juu ya hayo na ampelekee mbunge wake.

Lalamiko zito ninaloliona hapa kwetu ni la mkataba unaomwita mtu mkandarasi huru huku akipangiwa saa za kazi, akiomba ruhusa ya likizo na kuripoti kwa meneja kila asubuhi. Nilifanya kazi hivyo kwa kampuni moja ya kigeni, na walipopunguza watu tuliondoka mikono mitupu, ilhali Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa anayepunguzwa kazini malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Kwa hiyo, kabla ya kubishania kiasi cha mshahara, uliza kwa maandishi kama wewe ni mwajiriwa au mkandarasi, utalipwa nini ukiachishwa kazi, na wenzako wa ngazi yako wanalipwa kati ya kiasi gani na kiasi gani. Kisha hifadhi majibu hayo mahali pengine, nje ya kompyuta ya kampuni.