Kabla ya Kompyuta, Fungua Kitabu cha 12

Vijana wanaoniuliza kuhusu kazi ya kuchambua takwimu za afya ya mama na mtoto huanza na swali moja: nijifunze programu gani? Jifunze Excel vizuri. Jifunze DHIS2, mfumo wa kompyuta, maana ndiyo inayobeba ripoti za MTUHA, yaani taarifa za vituo vya afya, Tanzania nzima. R, programu ya kuchambua takwimu, utaiongeza ukipata nafasi. Ila kabla ya hayo nakuomba uende wodi ya wazazi ukasome rejesta ya MTUHA ya wanaojifungua, yaani Kitabu cha 12.

Mwaka wangu wa pili kazini niliona kituo kimoja kina watoto wengi waliozaliwa wafu kuliko vituo jirani, huku vifo vya vichanga ni sifuri mwezi hadi mwezi. Nikachora grafu, nikaandika kwamba wajawazito wanachelewa kufika. Msimamizi wangu akauliza, "Kitabu cha 12 umekiona?"

Sikuwa nimekiona. Nikaenda. Kwenye mstari mmoja mtoto ameandikwa FSB, yaani amezaliwa mfu, amefariki muda mfupi kabla ya kutoka. Lakini patografu ya mama yake, chati ya kufuatilia uchungu, ilionyesha mapigo ya moyo wa mtoto yako sawa hadi mwisho. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, akaweka kidole pale.

"Huyu alivuta pumzi, mwanangu. Mara mbili, tatu. Tukahangaika naye, hakurudi."

Nikamuuliza mbona ameandikwa hivyo. Akasema kifo cha kichanga kina maswali mengi, na mzazi huumia zaidi akijua mwanawe alizaliwa hai.

Sikumlaumu, na wewe usije ukalaumu haraka. Lakini tazama tofauti. Ripoti yangu ingepeleka fedha kwenye usafiri na uhamasishaji, wakati watoto wale walihitaji mtu mwenye mfuko wa kupulizia hewa, aliyefunzwa kuutumia ndani ya dakika ya kwanza.

Tangu hapo nafasi tupu kwenye ripoti siisomi kama sifuri. Nikiona Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya pentavalenti ya watoto, imevuka asilimia 100 ya walengwa sishangilii. Naangalia kwanza idadi ya watoto tuliyogawia, ambayo hutokana na makadirio ya sensa, na kama kuna watoto wa wilaya jirani wanaochanjwa pale.

Hata takwimu za taifa zisome hivyo hivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya (TDHS) wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000; wa 2022 ukatoa 104. Ni hatua kubwa inayotia moyo. Lakini makadirio hayo hutokana na kuwauliza watu habari za dada zao waliofariki, kwa hiyo kila namba ina mapana yake juu na chini. Yaandike mapana hayo, hata kama bosi anataka namba moja tu.

Na matokeo yarudishe kituoni. Nilipopeleka grafu iliyosahihishwa, yule mama aliitazama kimya kwa muda, kisha akagusa mwezi wa Machi.

"Yule wangu yuko hapa," akasema.